Jina na mwenye jina: maisha ya Gottlob Frege

Katika kitivo chetu tumezoea kusimuliana maisha ya wanaisimu: Saussure, Bleek, Meinhof, Guthrie. Safari hii naomba niwasimulie maisha ya mwanahisabati. Gottlob Frege, Mjerumani, alifariki mwaka 1925, kabla ya kompyuta za kielektroniki kutengenezwa. Hata hivyo, kila tunapokaa na wenzangu kujifunza R, ile programu ya takwimu tunayoitumia kuhesabu maneno ya lugha zetu, kuna swali ambalo hurudi tena na tena, na jibu lake nimelikuta katika maandishi ya mtu huyu.

Swali lenyewe ni hili. Nina orodha yenye vipengele, na kila kipengele kina jina lake. Jina la kipengele ninachokitaka nimelihifadhi ndani ya kigeu, yaani jina lingine nililolipa thamani ninayoweza kuibadilisha. Kwa nini nikiandika kigeu hicho baada ya alama ya dola, R hunijibu kwamba hakuna kitu?

Wengi hulichukua jambo hili kama tabia ya mashine, kitu cha kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Mimi, ninayesoma isimu ya lugha za Kiafrika, naona kwamba ni swali la semantiki, tena la zamani. Nitaeleza maisha ya Frege kwa mfuatano wake, na nikifika mwaka 1892 nitasimama kidogo ili tuifungue orodha hiyo pamoja.

Mtoto wa walimu

Frege alizaliwa tarehe 8 Novemba 1848 mjini Wismar, mji wa bandari kwenye Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake, Karl Alexander, alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, na mama yake, Auguste, alifundisha katika shule hiyo hiyo. Kuna jambo kuhusu baba huyo litakalowapendeza wahadhiri wetu: aliandika kitabu cha kufundishia Kijerumani kwa watoto wa miaka 9 hadi 13. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuichambua sentensi kwa ukali kuliko watangulizi wake alikulia katika nyumba ambamo sarufi ilikuwa kazi ya kila siku.

Baba alifariki mwaka 1866. Mama alibaki na shule na watoto, akaiongoza shule hiyo kwa miaka mingi na kumsomesha mwanawe. Mwaka 1869 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Jena. Huko alikutana na mwalimu aliyemshika mkono maisha yake yote, Ernst Abbe, mwanafizikia wa lenzi aliyeshirikiana na mtengenezaji wa hadubini Carl Zeiss. Mwaka 1871 alihamia Göttingen, na mwaka 1873 akapata shahada ya udaktari kwa kazi ya jiometri. Mwaka uliofuata alirudi Jena kama mhadhiri asiye na mshahara. Mama yake ndiye aliyemtegemeza katika miaka hiyo ya mwanzo. Hakuhama tena. Alifundisha Jena kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipostaafu mwaka 1918.

Maandishi ya dhana

Frege alitaka kujua hesabu imesimama juu ya nini. Tunasema 2 na 3 ni 5, wala hatubishani. Lakini tunajuaje? Yeye aliamini kwamba hesabu yote inaweza kutolewa katika mantiki peke yake, hatua kwa hatua, bila kuacha pengo hata moja ambamo mtu anaweza kuingiza jambo kwa kubahatisha. Alipojaribu kuandika hatua hizo kwa lugha ya kawaida, aliona kwamba lugha haimtoshi. Maneno yanateleza, neno moja lina maana tatu, na sentensi moja inasomwa kwa njia mbili.

Basi mwaka 1879 alichapisha kitabu kidogo, chini ya kurasa 100, kiitwacho Begriffsschrift, maana yake maandishi ya dhana. Ndani yake alitengeneza lugha ya alama kwa ajili ya fikra tupu.

Kabla yake, mantiki iliyofundishwa ilimfuata Aristotle: sentensi ina kiima na kiarifu. Frege aliliweka kando gawanyo hilo. Tuchukue sentensi yetu wenyewe: Amani anampenda Neema. Ukiliondoa jina la kwanza, kinabaki kitu chenye pengo: «… anampenda Neema». Pengo hilo unaweza kulijaza kwa jina lolote, na kila mara utapata sentensi mpya, ya kweli au ya uongo. Ukiliondoa na jina la pili, yanabaki mapengo mawili. Kitu hicho chenye pengo alikiita funksheni, akilichukua neno hilo kutoka hesabu, na kile kinachojaza pengo alikiita hoja ya funksheni. Tuliosoma sintaksia tunaijua sura hii: ni kitenzi na nafasi zake.

Kisha akaongeza jambo ambalo mantiki ya zamani haikuliweza. Tuchukue sentensi hii: Kila mwanafunzi alisoma kitabu kimoja. Je, wote walisoma kitabu kile kile, au kila mmoja alisoma chake? Frege alitumia herufi kushika nafasi ya pengo, na alama kuonyesha kila herufi inatawala kuanzia wapi hadi wapi. Herufi ikitawala nje, tunapata maana moja. Ikitawala ndani, tunapata ile nyingine. Hapo ndipo kigeu chenye eneo lake la utawala kilipopata kanuni zake katika mantiki.

Kitabu hicho hakikupokelewa vizuri. Alama zake zilitandazwa ukurasani kwa mistari ya kwenda juu na chini, na wasomaji hawakuona faida ya kujifunza mwandiko wa namna hiyo. Mwaka 1884 Frege alijaribu njia nyingine. Aliandika kitabu juu ya misingi ya hesabu kwa maneno ya kawaida, karibu bila alama. Humo aliweka kanuni ambayo mwanasemantiki yeyote wa leo anaitambua: usiulize maana ya neno likiwa peke yake, uliza maana yake ndani ya sentensi. Kitabu hicho nacho kilisomwa na watu wachache.

Mwaka 1887 alimwoa Margarete Lieseberg. Kazini aliendelea polepole. Bila msaada wa Abbe na fedha za mfuko ulioanzishwa kwa jina la Zeiss, nadhani maisha yake ya chuo yangekuwa magumu zaidi.

Mwaka 1892

Mwaka huo Frege alichapisha makala ambayo wanafunzi wa semantiki duniani kote huisoma. Sisi tunaijua kwa istilahi mbili: fahiwa na kirejelewa.

Mfano wake ni wa nyota. Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni kitu kimoja, sayari tunayoiita Zuhura. Kama majina hayo yote mawili yana kirejelewa kimoja, kwa nini mtu anaweza kulijua moja na asijue kwamba ndilo la pili? Frege alijibu kwamba kila jina lina njia yake ya kukileta kitu mbele ya akili. Njia hiyo ndiyo fahiwa. Kitu chenyewe ndicho kirejelewa. Njia mbili zinaweza kufika kwenye nyumba moja.

Kutokana na hapo alitoa kanuni ya kubadilishana. Majina mawili yenye kirejelewa kimoja yanaweza kupokezana nafasi ndani ya sentensi, na ukweli wa sentensi haubadiliki. Ikiwa nyota ya asubuhi inalizunguka jua, basi nyota ya jioni nayo inalizunguka jua.

Lakini aliona mahali ambapo kanuni hiyo inagoma. Pa kwanza ni usemi wa taarifa: Bahati anaamini kwamba nyota ya asubuhi ni sayari. Huwezi kuliweka jina la pili hapo na kuwa na hakika kwamba bado unasema kweli, maana Bahati huenda hajui kwamba ni kitu kimoja. Pa pili ndipo penye habari yetu: pale neno linapotajwa kama neno. Tukisema kwamba «Zuhura» lina silabi tatu, hatuzungumzii sayari. Sayari haina silabi. Tunalizungumzia neno lenyewe, na ndiyo sababu tunalifunga ndani ya alama za kunukuu. Katika kazi zake Frege alizitumia alama hizo kwa uangalifu mkubwa, ili msomaji ajue kila mara kama anaambiwa habari ya alama au habari ya kile ambacho alama inakisimamia.

Hapa Kiswahili kina jambo la kumwonyesha Frege. Kwa Kijerumani au Kifaransa, kutumia neno na kulitaja neno hutenganishwa kwa alama za uandishi, na masikioni tofauti hiyo husikika kwa shida. Kwa Kiswahili sanifu upatanisho wa kisarufi huitoboa siri. Tazama:

Mama amefika.
«Mama» lina herufi nne.

Katika sentensi ya kwanza neno limetumika, na kitenzi kimechukua a- kwa sababu tunamzungumzia mtu. Katika ya pili neno limetajwa, na kitenzi kimechukua li- kwa sababu tunalizungumzia neno, hata kama «neno» lenyewe halikutamkwa. Kiambishi kimoja kinatosha. Katika Kiswahili cha mitaani mwetu, ambako «iko» hutumika mara nyingi kwa mtu na kwa kitu pia, ishara hiyo hufifia, na msikilizaji hubaki na muktadha peke yake. Mashine haina muktadha. Inahitaji ishara iliyo wazi, na hapo tunafika kwenye orodha yetu.

Orodha na alama mbili

Tuseme mwanafunzi amekusanya nomino na kuzipanga kwa ngeli. Katika R anaandika hivi:

ngeli <- list(watu = c("mtoto", "mgeni"), miti = c("mti", "mto"), vitu = c("kiti", "kisu"))

Orodha hii inaitwa ngeli, na ina vipengele vitatu: watu, miti na vitu. Akitaka nomino za kipengele cha pili, anaandika:

ngeli$miti

R inampa «mti» na «mto». Sasa anataka jina la kipengele libadilike kadiri kazi inavyokwenda, kwa hiyo analihifadhi katika kigeu:

chaguo <- "miti"
ngeli$chaguo

R inajibu NULL, yaani hakuna kitu. Lakini akiandika kwa mabano mawili ya mraba:

ngeli[[chaguo]]

anapata «mti» na «mto» kama mwanzo.

Tuisome mifano hii kwa macho ya mwaka 1892. Alama ya dola hulitaja neno linaloifuata. Ni kana kwamba R imelifunga neno hilo ndani ya alama za kunukuu bila kukuonyesha. Ukiandika ngeli$chaguo, R inatafuta kipengele chenye jina «chaguo», kwa herufi hizo hizo. Hakipo, ikajibu kweli: hakuna. Mabano mawili hufanya kinyume. Hulitumia neno lililo ndani yake: R huuliza kwanza chaguo amebeba nini, inakuta "miti", kisha inakwenda kutafuta kipengele chenye jina hilo. Kigeu chaguo ni jina la jina, na mabano mawili hupanda ngazi zote mbili, wakati dola inasimama kwenye ile ya kwanza.

Jaribio la kubadilishana alilotuachia Frege linafanya kazi hapa bila kubadilishwa. Ndani ya mabano mawili, chaguo na "miti" vina thamani moja, kwa hiyo vinaweza kupokezana: ngeli[[chaguo]] na ngeli[["miti"]] vinatoa jibu moja. Baada ya dola havipokezani: ngeli$miti na ngeli$chaguo vinatoa majibu mawili tofauti. Ndiyo dalili ile ile aliyoiona katika alama za kunukuu. Na ukiliweka jina la kigeu chenyewe katika alama za kunukuu, ngeli[["chaguo"]], umerudi kwenye kulitaja, na jibu ni NULL tena.

Msomaji anaweza kuuliza: hasara iko wapi, si mtu ataliona jibu hilo na kurekebisha? Ataliona akiuliza mara moja kwa mkono. Lakini kazi zetu huendeshwa kwa mzunguko unaopita kipengele kimoja kimoja:

for (chaguo in names(ngeli)) print(length(ngeli$chaguo))

R haitalalamika. Urefu wa kitu kisichokuwepo ni 0, kwa hiyo itachapa 0, 0, 0. Tukiandika ngeli[[chaguo]] mahali pale, itachapa 2, 2, 2. Katika orodha ya ngeli tatu mtu atashtuka. Fikiria sasa orodha ya lugha kumi za mashariki mwa Kongo, na jedwali linalojumlisha hesabu kutoka sehemu nyingi, ambamo sehemu moja imeandikwa kwa dola. Lugha nzima itaonekana haina nomino za ngeli fulani, na jedwali litakuwa zuri, limenyooka, tayari kuwekwa katika kazi ya kumaliza masomo. Wazee waliotamka maneno yale hawatakuwepo mbele ya jopo kusema kwamba wanayo.

Kuandika ndani ya orodha kuna hatari yake pia. Mtu akiandika ngeli$chaguo <- "mlima", hataongeza chochote katika kipengele cha miti. Atakuwa amefungua kipengele kipya kiitwacho chaguo, na «mlima» utakaa humo peke yake kama mgeni aliyeelekezwa nyumba isiyo yake. Tena dola ina tabia ya kukisia: ukiandika ngeli$vi, na hakuna kipengele kingine kinachoanza kwa herufi hizo, R itakuletea vitu. Mabano mawili kwa kawaida hayakisii. Ukiandika ngeli[["vi"]], itakujibu NULL. Katika kazi ya isimu, ambamo majina yetu mengi huanza kwa viambishi vinavyofanana, mimi nachagua mabano.

Njia rahisi ya kukumbuka ni ile ya upatanisho. Kabla ya kuandika, jiulize: hapa nalizungumzia neno hili lenyewe, kwa li-, au nazungumzia kile lilichobeba? Kama ni neno lenyewe, na unalijua tayari, dola inatosha. Kama ni kile lilichobeba, tumia mabano mawili.

Sisemi kwamba Frege aliitunga R. Ukoo upo, lakini ni mrefu. Dhana ya funksheni aliyoifanyia kazi iliendelezwa na Alonzo Church huko Marekani katika miaka ya 1930. John McCarthy alichukua namna ya uandishi ya Church alipoitunga lugha ya Lisp mwishoni mwa miaka ya 1950. Kutoka Lisp ilizaliwa Scheme, na Ross Ihaka na Robert Gentleman, walipoitengeneza R mjini Auckland katika miaka ya 1990, walichanganya mwandiko wa lugha ya takwimu iitwayo S na mawazo ya Scheme. Mtu anayeandika funksheni katika R leo anaacha mapengo na kuyapa majina, kazi iliyoanza katika kitabu cha kurasa chache cha mwaka 1879.

Barua ya mwaka 1902

Turudi Jena. Mwaka 1893 Frege alitoa juzuu ya kwanza ya kazi kubwa ya maisha yake, kitabu cha kuitoa hesabu katika mantiki kwa alama zake mwenyewe. Wasomaji walikuwa wachache. Aliendelea kwa miaka karibu kumi. Juzuu ya pili ilipokuwa kwa mpiga chapa, alipokea barua iliyoandikwa tarehe 16 Juni 1902 na kijana Mwingereza, Bertrand Russell. Russell alimsifu, kisha akamwonyesha tatizo.

Naomba nilieleze kwa orodha. Tuseme maktaba ina orodha nyingi za vitabu, na kila orodha ni kitabu. Baadhi ya orodha zinajitaja zenyewe ndani yake, nyingine hazijitaji. Mkutubi anaamua kutengeneza orodha ya orodha zote zisizojitaja. Je, aitaje orodha hiyo mpya ndani yake yenyewe? Akiitaja, inakuwa orodha inayojitaja, kwa hiyo haistahili kuwamo. Asipoitaja, inakuwa orodha isiyojitaja, kwa hiyo inastahili kuwamo. Kwa mkutubi ni mchezo: atasema orodha hiyo haiwezekani. Kwa Frege ilikuwa msiba, kwa sababu moja ya sheria zake za msingi, ile ya tano, iliruhusu kila dhana iwe na mkusanyiko wake. Sheria ikiruhusu ukinzani, kila kitu kinathibitika humo, na uthibitisho hauna tena thamani.

Frege alijibu baada ya siku chache, akakubali kwamba Russell ana haki. Juzuu ya pili ilitoka mwaka 1903, kwa gharama yake mwenyewe, ikiwa na nyongeza ambamo aliwaeleza wasomaji kwamba msingi mmoja wa jengo umetikisika baada ya jengo kukamilika. Alijaribu kurekebisha, na marekebisho hayakutosha. Angeweza kuificha barua ile. Ilikuwa ya faragha, na wasomaji wake walikuwa wachache. Aliichapisha habari hiyo ndani ya kitabu kile kile ilichokiharibu.

Mwaka 1904 mkewe Margarete alifariki. Hawakuacha watoto waliokua. Baadaye Frege alimlea kijana aitwaye Alfred kama mwanawe.

Miaka ya mwisho

Darasani alikuwa na wasikilizaji wachache. Rudolf Carnap, aliyekuja kuwa mwanafalsafa mkubwa, alihudhuria masomo yake kati ya mwaka 1910 na 1914, na katika somo moja wasikilizaji walikuwa watatu tu. Mwaka 1911 kijana kutoka Vienna, Ludwig Wittgenstein, alimtembelea. Inasimuliwa kwamba Frege ndiye aliyemshauri aende Cambridge akasome kwa Russell. Kwa hiyo profesa asiyesomwa na wenzake alisomwa na watu watatu ambao karne nzima ya falsafa ya lugha ilikuja kuwasoma.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo siwezi kuiacha. Mwaka 1924, akiwa mzee, mgonjwa, na nchi yake imeshindwa vita, Frege aliandika shajara ya siasa. Ndani yake anaonyesha chuki kwa Wayahudi, na dharau kwa bunge na kwa wasoshalisti. Tunaosoma lugha za Kiafrika hatuwezi kujifanya tunashangaa. Tumejifunza ngeli kutoka kwa Meinhof, ambaye mwaka 1912 alitoa kitabu juu ya lugha alizoziita za Wahami, kitabu kilichowapanga watu wa Afrika kwa daraja. Tunatumia hesabu zake za ngeli na tunakataa daraja zake. Kwa Frege nafanya vivyo hivyo: tofauti kati ya kutumia na kutaja haikutoka katika shajara ile, na shajara ile haipati heshima kutokana na tofauti hiyo.

Alifariki tarehe 26 Julai 1925 huko Bad Kleinen, karibu na alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 76, na akazikwa Wismar. Aliacha mafungu ya karatasi ambazo hazikuwa zimechapishwa. Mwaka 1935 Alfred alizikabidhi kwa Heinrich Scholz, mwanamantiki wa Chuo Kikuu cha Münster, ambaye alianza kuzipanga na kupigisha nakala kwa taipu. Alfred aliuawa vitani mwaka 1944. Machi 1945 mabomu yaliupiga mji wa Münster, na karatasi za asili zikaangamia. Tunachokisoma leo katika maandishi ya Frege ambayo hayakuchapishwa alipokuwa hai kinatokana na nakala zile zilizosalia.

Kwa hiyo kila mwenye madaftari na sauti za wazee katika kompyuta yake ana mambo mawili ya kufanya wiki hii. La kwanza, apitie mizunguko yake ya R na kutazama penye dola. La pili, atoe nakala ya data yake na kuiweka katika nyumba nyingine.